Naandika kila neno mara kumi, asubuhi nusu yamepotea

Swali la msomaji: "Shikamoo mwalimu. Niko kidato cha tatu, shule ya kutwa hapa Morogoro. Mwalimu wetu wa Kiingereza ametupa orodha ya maneno 120 magumu, na baada ya wiki tatu tutafanya jaribio ambalo alama zake zinaingia kwenye matokeo ya muhula. Kila neno naliandika mara kumi pamoja na maana yake ya Kiswahili. Usiku nalala nikiwa nayajua, asubuhi nusu yamepotea. Shule ya msingi nilisoma kwa Kiswahili. Wenzangu kadhaa wametoka English medium na wao wanaona rahisi tu. Je, kichwa changu ni kizito? Nifanyeje? Halafu kuna maneno siwezi hata kuyatamka, mfano 'ubiquitous'. Nimekutumia picha ya ukurasa wa kwanza wa orodha."

Marahaba, mwanangu. Kichwa chako si kizito, na ushahidi ninao. Uzuri ni kwamba ushahidi wenyewe ulipatikana kwa Kiswahili.

Mwaka 2008 Wamarekani wawili, Jeffrey Karpicke na Henry Roediger, walichapisha utafiti katika jarida la Science. Walitaka kujua ni nini hasa kinachofanya neno geni libaki kichwani. Wakawakalisha wanafunzi wa chuo kikuu na kuwapa jozi 40 za maneno: upande mmoja Kiswahili, upande wa pili Kiingereza. "Mashua" ni "boat", na kuendelea hivyo. Yaani wewe na "abundant" yako ndivyo walivyokuwa wao na mashua yetu, wameikodolea macho na haiwaambii kitu.

Walisoma orodha, wakaulizwa, wakasoma tena, wakaulizwa tena. Lakini baada ya hatua ya kwanza waligawanywa. Kundi moja, neno likishakumbukwa mara moja, liliendelea kusomwa ila halikuulizwa tena. Kundi jingine lilifanya kinyume: neno likishakumbukwa halikusomwa tena, ila liliendelea kuulizwa. Mwisho wa zoezi makundi yote yalikuwa yamefika mahali pamoja, kila mtu amelipata kila neno. Walipotakiwa wakisie watakumbuka mangapi baada ya wiki moja, wote walisema kama nusu hivi. Wiki ikapita, wakaitwa. Walioendelea kuulizwa walikumbuka asilimia 80. Walioendelea kusoma bila kuulizwa, asilimia 36. Na wale ambao neno likishakumbukwa waliliacha kabisa, wasilisome wala wasiulizwe, walipata asilimia 33. Hebu ziangalie hizo namba mbili za mwisho: kusoma kote kule kwa nyongeza kuliwapatia asilimia tatu tu.

Sasa rudi kwenye daftari lako. Kuandika neno mara kumi huku maana yake iko mbele ya macho ni kusoma mara kumi. Mkono unafanya kazi, kichwa kimekaa kivulini. Nimefundisha Kiingereza sekondari miaka 22 na madaftari ya namna hiyo nimeyaona mengi. Ukiyatazama vizuri utagundua mwanafunzi ameshusha herufi "a" kumi kwanza, halafu "b" kumi, halafu "u" kumi, kama anayejaza adhabu ya "sitapiga kelele darasani". Siku moja nilimfunika mmoja daftari akiwa anaandika mstari wa nane, nikamuuliza neno lenyewe ni lipi. Alicheka, na mimi nikacheka, lakini hakulijua.

Ile hali yako ya kulala ukiwa "unayajua" si uongo, ila ni kujua kwa aina nyingine. Ni kama jirani unayemfahamu kwa sura: mkikutana dukani unamsalimia, ila ukiulizwa jina lake unabaki kumeza mate. Ukiliona neno na maana yake pamoja, unalitambua. Kwenye jaribio hakuna atakayekuwekea maana pembeni. Na kupotea kwa maneno asubuhi hakukuanza kwako. Mjerumani Hermann Ebbinghaus alijipima mwenyewe kwa silabi zisizo na maana na kuandika matokeo yake mwaka 1885: baada ya saa moja tu, zaidi ya nusu ya kazi aliyoifanya ilikuwa imekwenda na maji. Sijasikia mtu akisema Ebbinghaus alikuwa na kichwa kizito.

Kwa hiyo kazi yako ya wiki tatu hizi si kuyasoma maneno. Ni kujiuliza, kitabu kikiwa kimefungwa, na kuvumilia ile dakika mbaya ya kutokumbuka kabla hujaangalia jibu. Dakika hiyo ndiyo inayolipa, ingawa inakera na inakufanya ujione mjinga. Kunakili kunapendeza kwa sababu hakuumi.

Anza leo jioni kwa kupunguza mzigo. Funika upande wa Kiswahili kwa rula au kwa daftari jingine, shuka neno moja moja, sema maana kwa sauti, kisha funua. Unayoyapata bila kusita yawekee alama na uyaache kwanza. Kwa picha uliyonitumia, nadhani robo nzima tayari unayajua, maana "accurate" na "ancient" umeshakutana nayo kwenye Fizikia na Historia. Tuseme yanabaki 90. Ukichukua mapya tisa kwa siku, siku kumi zinayamaliza, na una siku 11 za kujiuliza tu bila neno jipya hata moja.

Ila usiyachukue kwa mpangilio wa mwalimu. Orodha yako imepangwa kwa alfabeti, na huo ni mpangilio mzuri wa kutafutia neno, mbaya wa kujifunzia. Tazama mistari sita ya mwanzo: abate, abhor, abrupt, abstain, absurd, abundant. Ni kama mapacha sita waliovalishwa sare moja. Ukiyameza yote usiku mmoja, kesho utajua kwamba kuna moja linalomaanisha kujizuia na jingine linalomaanisha kuchukia mno, na hutajua lipi ni lipi. Isitoshe, orodha isiyochanganywa inakudanganya: unakumbuka "absurd" kwa kuwa limekuja baada ya "abstain", na kwenye jaribio halitakuja hapo. Chukua moja la A, moja la M, moja la T. Hao mapacha wape siku sita tofauti.

Ndiyo maana nataka kadi. Nunua manila moja, ikate vipande vya ukubwa wa karata, au tumia majalada ya madaftari ya mwaka jana. Mbele neno la Kiingereza peke yake, nyuma mambo matatu nitakayokueleza. Tafuta bahasha tatu. Kadi zote mpya zinaanzia bahasha ya kwanza, na hiyo unaifungua kila siku. Kadi ukiipata inahamia ya pili, unayoifungua kila baada ya siku tatu. Ukiipata tena huko inakwenda ya tatu, mara moja kwa wiki. Ukiikosa, popote ilipo, inarudi ya kwanza bila huruma. Utaratibu huu aliueneza Sebastian Leitner kwa kitabu chake cha Kijerumani cha mwaka 1972, na programu nyingi za simu za kujifunzia maneno zimejengwa juu ya wazo hilohilo. Kama una simu ya mama jioni, sawa. Mimi napenda manila kwa sababu haiingiziwi meseji.

Nusu saa kwa siku inatosha, nayo igawe: robo asubuhi kabla ya kwenda shule, robo usiku. Na ukishazoea, geuza kadi. Soma Kiswahili, tafuta Kiingereza. Upande huo ni mgumu zaidi, na ndio unaotakiwa unapoambiwa ujaze nafasi zilizoachwa wazi.

Sasa nyuma ya kadi. Hapa ndipo wengi wanapoharibu, na nitakaa hapa kidogo.

Mwaka mmoja niliwapa kidato cha tatu neno "abundant" watungie sentensi. Kijana mmoja, mwenye bidii kweli, akaandika: "My father is very abundant because he has many cows." Kamusi yake ilimwambia "abundant" ni "tele", na yeye akajua kwamba baba yake mambo ni tele. Nilimwita mbele, si kumchapa, nikamuuliza kwa Kiswahili: hapo kwenu, kilicho tele ni nini? Akasema ng'ombe. Basi, nikamwambia, "abundant" mvishe ng'ombe, mzee mwache. "Cows are abundant in our village." Alikuwa ameshika maana ya neno bila kujua linakaa juu ya nini.

Kwa hiyo jambo la kwanza nyuma ya kadi: usiandike neno moja la Kiswahili, andika fungu la maneno linaloonyesha neno lile linafuatana na nani. Si "tele" peke yake, bali "kitu kilicho tele, k.m. maji, chakula, mifugo". Si "punguza" kwa "mitigate", bali "kupunguza makali ya jambo baya, k.m. ukame, maumivu, hasara". Ukiandika "punguza" tu, utaniandikia kwamba mama amei-mitigate chai kwa maji baridi, nami nitakosa pa kuweka alama.

Kuna sababu ya kilugha ya kufanya hivyo. Kiswahili kina vivumishi vyake vya asili vichache: -zuri, -baya, -refu, -zito, -vivu na wenzao. Sifa nyingine zote tunazieleza kwa mzunguko, kwa -a na -enye na kitenzi: mtu mwenye bidii, jambo lisiloepukika, maneno yenye utata. Kiingereza kinazifunga zote kwenye neno moja: diligent, inevitable, ambiguous. Ndiyo maana maneno "magumu" ya orodha yako mengi ni vivumishi, na ndiyo maana ukitafuta neno moja la Kiswahili la kuyalinganisha unaishia kupata la karibu-karibu. Usilazimishe. Andika mzunguko mzima, ndiyo tafsiri sahihi.

Mfano mzuri umo kwenye orodha yako: "frugal". Kamusi ndogo itakupa "bahili", na hapo utakuwa umemtukana mtu. Bibi yangu alikuwa na tabia ya kubandika kipande cha sabuni kilichobaki, kile chembamba kama ukucha, juu ya mche mpya, ili kisipotee. Mgeni akija alikula akashiba. Huyo ni "frugal": anabana matumizi, na ni sifa. Bahili ni yule ambaye sabuni anayo na wewe anakuambia imekwisha. Kwa Kiingereza huyo ni "stingy" au "miserly". Jaribio likikuuliza "frugal" ni sifa au lawama, kamusi ndogo haitakusaidia, lakini ukimkumbuka bibi na sabuni utalipata. Kila neno lina ladha yake, na ladha hiyo iandike kwenye kadi kwa alama ndogo, + au −. Inachukua sekunde moja.

Jambo la pili ni sentensi moja ya Kiingereza, yako mwenyewe, juu ya mtu au kitu unachokijua. Si ya kwenye kamusi, ambayo imejaa akina John na theluji. Ya tatu ni ukoo wa neno: diligent, diligence, diligently. Hili wewe hupaswi kuliogopa kabisa, kwa sababu lugha yako inafanya kazi hiyohiyo kutwa nzima. Kutoka soma unapata somo, masomo, msomi, usomi, msomaji, na hakuna mtu aliyekufundisha kwa fimbo. Wanaotunga majaribio wanapenda kuandika "He worked ______ (diligent)" na kukutaka ulibadilishe.

Kwa maneno yanayogoma kuingia, tafuta kishikizo, yaani kitu cha Kiswahili kinachofanana nalo kwa sauti, hata kama ni kichekesho. "Mitigate" lilikuwa linawasumbua wanafunzi wangu mpaka msichana mmoja aliyekaa nyuma akasema: miti getini. Miti getini inapunguza makali ya jua! Darasa zima likalishika siku ile, na nimewakuta wengine barabarani, watu wazima wenye watoto, wananisalimia "miti getini, mwalimu". Kishikizo kizuri lazima kibebe sauti na maana kwa pamoja. Kikibeba sauti tu, utakumbuka kichekesho na kusahau neno.

"Candid" lina bahati zaidi. Ni mtu anayesema ukweli waziwazi, hafichi wala hapambi. Wewe litie kandili. Mtu "candid" ni kama aliyewasha kandili chumbani, kila kitu kinaonekana. Na hiki si kishikizo cha kubuni, ni undugu wa kweli. Kandili yetu tumeipata kwa Waarabu, "qindil", nao waliipata kwa Wagiriki, nao kwa Kilatini "candela", taa ya nta, kutoka kitenzi cha kung'aa. "Candid" limetoka kwenye kitenzi hichohicho, kwa njia ya upande wa pili: Kilatini, Kifaransa, Kiingereza. Neno moja limezunguka Bahari ya Hindi, jingine limepita Ulaya, na yamekuja kukutana kwenye daftari lako Morogoro. Mambo haya hayatatoka kwenye jaribio, lakini nakuhakikishia "candid" hutalisahau tena.

Hapo tumegusa mizizi, na mizizi nayo unaijua kuliko unavyofikiri. Chukua hakimu, mahakama, hukumu, hekima. Huhitaji mtu akueleze kwamba haya ni ndugu, sikio linakuambia: h, k, m. Yametoka mzizi mmoja wa Kiarabu. Au kitabu, katibu, maktaba. Kiingereza nacho kina babu wa namna hiyo, na kwa maneno ya kisomi babu huyo mara nyingi ni Mlatini, kwa kuwa baada ya Wanormani kuitwaa Uingereza mwaka 1066, mambo ya mahakama na ikulu yaliendeshwa kwa Kifaransa, na ya kanisa na elimu kwa Kilatini. Chukua "abrupt" kwenye ukurasa wako. Rupt ni kuvunja. "Abrupt" ni jambo lililokatika ghafla. "Interrupt" ni kukatiza mtu anaongea. "Erupt" ni kulipuka, kama Ol Doinyo Lengai. "Corrupt" ni kilichovunjika ndani, kilichooza, na huyo unamjua kwa sababu tunamwita fisadi. Kadi moja, maneno manne. "Abundant" nalo: ndani yake mna "unda", ambalo kwa Kilatini ni wimbi. Ni kitu kilichojaa mpaka kinafurika.

Lakini usiigeuze mizizi kuwa uganga. Itakusaidia kulikumbuka neno ulilokwisha kufundishwa kuliko kulikisia usilolijua. "Reluctant" lina mzizi wa kupigana mieleka, na hakuna mwanafunzi niliyewahi kumwona akilikisia. Likishaelezwa, sawa: mtu anayesita kama anayevutwa mkono na yeye anajivuta nyuma. Wiki tatu si muda wa kusomea Kilatini. Tafuta mizizi pale inapounganisha maneno matatu au zaidi ya orodha yako, kwingine achana nayo.

Kuhusu wenzako wa English medium. Ni kweli wana kitu ambacho wewe huna, nacho ni masaa. Miaka saba walisikia Kiingereza cha "sit down" na "bring your homework", na hicho kinawapa wepesi wa ulimi. Lakini "exacerbate" na "conscientious" si maneno ya kuombea ruhusa ya kwenda chooni. Hayo wao pia wanayaona kwa mara ya kwanza kwenye orodha hii, au hawayaoni vizuri kwa kuwa wanajiamini. Nimesahihisha majaribio ya namna hii kwa miaka, na walioniangusha mara nyingi ni wale waliosema "yes, I know this one" na wakaishia hapo. Mwombe mmoja wao awe anakuuliza kadi wakati wa mapumziko, nawe umuulize. Mtamaliza mkiwa mmesaidiana, na yeye atakurekebishia matamshi bure.

Tahajia sasa, maana alama nyingi zinapotelea hapo. Sisi tumelelewa na lugha inayoandikwa inavyosemwa, kwa hiyo mwanafunzi wetu akisikia "konshienshas" anaandika alichosikia, na mwalimu anakata. Dawa yake ni ya kienyeji lakini inafanya kazi: kila neno gumu lijue kwa matamshi mawili. Moja la mdomoni, la kweli. La pili la siri, la kuandikia tu, ambalo unalisoma Kiswahili-Kiswahili: kon-ski-en-ti-o-us. Ukiwa unaandika, jisomee lile la siri kimyakimya, herufi zote zitakuja. Ukiwa unaongea, lisahau. Na kama kwenu mnachanganya l na r, usione haya, weka mstari wa rangi chini ya herufi hizo kwenye kadi: reluctant, eloquent, deplorable. Macho yatakumbuka pale sikio linapokosea.

Muulize mwalimu wako jaribio litakuwa la namna gani. Si kosa kuuliza. Kama ni kuoanisha, kutambua kunatosha na utapita kirahisi. Kama ni kujaza nafasi, soma sentensi nzima kabla ya kutafuta neno, na macho yaende kwanza kwenye viunganishi. "Although he was rich, he lived a ______ life." Hapo "although" ni ingawa, nayo inakuambia kinachokuja kinapingana na utajiri, kwa hiyo ni "frugal". Ingekuwa "because", jibu lingegeuka. Wanafunzi wengi wanakimbilia kwenye nafasi iliyo wazi na kuruka neno dogo lililobeba jibu. Kama ni kutunga sentensi, tumia zile za kwenye kadi zako, umeshazifanyia mazoezi. Na usiandike sentensi inayoweza kumeza neno lolote. "He is diligent" inaweza kuwa "he is lazy" na mwalimu asijue kama unajua. Andika "She is so diligent that she finishes her homework before supper."

Usiku wa kuamkia jaribio usikeshe. Najua bweni zima huwa linapiga msuli na vikombe vya kahawa, hata wewe wa kutwa utashawishika. Fungua bahasha ya kwanza tu, zile kadi sugu, pengine zitakuwa 12 au 15. Jiulize mara mbili, funga, lala. Yale ya bahasha ya tatu yameshakaa, na kuyachokonoa saa sita usiku kutakutia wasiwasi bure.

Na jaribio likipita, kadi usizitupe. Zifunge kwa raba, zitoe siku moja mwezi ujao, tena kabla ya likizo. Ni dakika kumi. Orodha ya muhula ujao ikija, utakuta baadhi ya maneno yake ni wajukuu wa hizi.

Umeuliza "ubiquitous" linatamkwaje. Yu-BI-kwi-tas, mkazo kwenye BI. La siri la kuandikia: u-bi-ku-i-to-us, ila hapo kwenye "ku" kumbuka ni q inayofuatwa na u. Limetoka Kilatini "ubique", kila mahali. Fungu la kuandika nyuma ya kadi: "kitu kinachoonekana kila unakogeuka". Haliendi na kitu kilicho kingi tu mahali pamoja. Mchele gunia zima si "ubiquitous", huo ni "abundant". Sentensi utatunga mwenyewe, lakini kwa kuwa Morogoro naifahamu, nakuazima yangu mpaka upate ya kwako: "Bodabodas are ubiquitous in our town, even when you want to walk, one is already calling you."